Mtihani wa Mama wa Kambo

Juzi nilinunua karoti sokoni, zile zinazokuja zikiwa bado na majani yake. Muuzaji alipoyakata kwa kisu, harufu ikanipanda puani nikabaki nimesimama na mfuko wazi. Watu wengi wa mjini wanaijua karoti yenyewe, majani yake hawayajui. Yana ukali wa kibichi, karibu na ule wa kotimiri, na chini yake kuna udongo wa baridi, udongo wa milimani ambao hata ukikauka kwenye viatu bado unanukia mvua. Muuzaji aliniuliza mara mbili kama nitachukua na hoho, na mara zote mbili sikumsikia. Nilikuwa nimesharudi zangu milimani juu ya mji mdogo wa Soni, nina miaka saba, nimesimama kwenye maji ya mfereji mpaka magotini, nakanyaga karoti ndani ya kiroba ili udongo utoke, na mama yangu ananicheka.

Nimelelewa na mama wa kambo. Nikiwaambia watu hivyo, hasa wa rika langu tuliokulia hadithi zilezile, nyuso zao hubadilika palepale. Wananipa pole. Mwenzangu mmoja wa kazini aliwahi kunishika mkono kabisa, machozi yakimlengalenga, akaniuliza niliwezaje. Huwa nawaacha wanihurumie kidogo kwa sababu kuhurumiwa ni kutamu, halafu ndipo nawasimulia. Na nikianza kusimulia ni lazima nianze na kituo, kwa kuwa kabla ya kuwa na mama nilikuwa na kituo.

Kituo chetu cha watoto yatima kilikuwa upande wa juu wa mji wa Lushoto, mahali ambapo ukungu huingia asubuhi bila kubisha hodi na hutoka ukipenda wenyewe. Walisema nililetwa pale nikiwa ndio kwanza naanza kutambaa. Sitasema uongo kwamba tuliteswa. Tulikula, tulisoma, tulioga maji ya baridi tukipiga kelele, na kila mtu alikuwa na kitanda chake chenye namba. Kitanda kilichofuata changu kilikuwa cha Pili, rafiki yangu, aliyenizidi mwaka mmoja na kwa sababu hiyo alijua kila kitu duniani. Tulichokosa hatukukijua jina. Kulikuwa na mama wengi wa zamu, wa asubuhi na wa jioni, wote tukiwaita mama, na wote wakienda kwao kazi ikiisha.

Aliyekuwa haondoki mapema ni mpishi. Yeye alikuwa mama wa makamo, mnene, mwenye sauti ya kufaa kutangaza gulio, na baada ya chakula cha jioni alituruhusu kukaa kuzunguka jiko lake mpaka makaa yafifie. Alitutolea hadithi. Alikuwa na hadithi za sungura na za mazimwi, ila zilizotuganda vichwani ni za mama wa kambo. Katika hadithi za mpishi, mama wa kambo alikuwa na kazi zake maalumu na hakukosea hata moja. Alimtuma mtoto kuchota maji kwa tenga. Alimlisha ukoko. Alimlaza na mbuzi. Alimpa gunia la ulezi na gunia la mchanga vilivyochanganywa, akamwambia atenganishe kabla jua halijatua. Tulizijua kazi zile kama tulivyojua namba za vitanda vyetu, na mpishi akisahau moja tulimkumbusha.

Kisha akaja Ustawi. Kwa miaka mingi niliamini kwamba hilo ndilo jina lake, maana watu wazima walikuwa wakisema, "Ustawi amefika," au, "Hilo mwachie Ustawi." Alikuwa afisa ustawi wa jamii, kijana mrefu aliyekuja kwa pikipiki na koti la mvua, matope mekundu mpaka kiunoni, na faili la kijani alilolifunga kwenye mfuko wa nailoni lisilowe. Siku hiyo aliingia ofisini kwa mkuu wa kituo, na mimi na Pili tukajikuta tunachambua maharage chini ya dirisha la ofisi. Si kwa bahati mbaya. Pili ndiye aliyelihamisha sinia.

Tulimsikia akisema kwamba utaratibu sasa unabadilika. Mtoto hapaswi kukulia kwenye bweni kama kuna nyumba inayoweza kumpokea. Familia zinatafutwa, zinatembelewa, zinapewa semina, na moja imeshakuwa tayari huku juu ya Soni, mume na mke, wakulima wa mbogamboga, hawakujaliwa mtoto. Mkuu wa kituo alionekana kuwa na wasiwasi. Aliuliza kama watu wa kijijini wataelewa kumchukua mtoto ambaye si wa ndugu wala wa ukoo. Ustawi akajibu kwamba ni lazima mmoja atangulie ili wengine waone. Halafu akasema maneno ambayo yalimfanya Pili aachie maharage yote aliyokuwa nayo mkononi.

"Tuanze na Zaina. Yeye ndiye wa kwanza kwenda kwenye malezi ya kambo."

Zaina ndiye mimi. Leo najua kwamba malezi ya kambo ni jina la kisheria tu, neno la kwenye fomu, wala aliyelichagua hakuwa na nia mbaya. Lakini nenda kamwambie mtoto wa miaka saba. Pili alinitazama kwa heshima kubwa, namna anavyotazamwa mtu aliyeteuliwa kwenda vitani. Siku zilizobaki alizitumia kunifundisha. Nikipewa ukoko niulowanishe kwanza. Nikilazwa na mbuzi nichague yule mnene maana ana joto. Kuhusu tenga, alisema, nizibe chini kwa majani ya mgomba na udongo wa mfinyanzi, na tukajaribu kweli nyuma ya jiko kwa kutumia chekecheo la mpishi, tukapigwa marufuku kuingia jikoni kwa siku mbili.

Nilipelekwa kwa gari la kituo. Tuliteremka mpaka Soni, tukapita katikati ya kina mama na matenga yao ya nyanya, na kila tenga nililoliona nililikadiria litachukua maji kiasi gani. Baada ya hapo gari likapanda hadi barabara ilipoishia na tukamalizia kwa miguu, tukifuata kijia kati ya matuta ya kabichi. Ustawi alinibebea begi. Mimi nilibeba mafunzo ya Pili kichwani.

Mama wa kambo alikuwa amesimama uani. Nilitegemea jitu lenye kucha. Nikaona mwanamke mwembamba, amejifunga khanga mbili, mikono yake imelowa, na hajui aiweke wapi. Aliifuta kwenye khanga, akaiangalia, akaifuta tena. Nikamwamkia shikamoo. Badala ya kusema marahaba akajibu kwa salamu ya Kishambaa, "Onga mshi," kisha akaziba mdomo, na mume wake aliyekuwa nyuma akamkumbusha kwa upole kwamba mtoto amekulia kituoni, amsemeshe Kiswahili. Huyo alikuwa Baba Shabani, mtu wa maneno machache na kofia ya kufuma iliyochoka. Mama aliitwa Mwanaidi.

Ustawi alituketisha kwenye mkeka akaeleza mambo yalivyo. Kwa miezi mitatu ya kwanza, alisema, Mama Mwanaidi atakuwa kwenye majaribio. Yeye Ustawi atapita kila mara, na miezi mitatu ikitimia atakuja na faili kuangalia kama kazi imefanyika inavyotakiwa. Ikiwa sawa, Zaina atabaki. Isipokuwa sawa, Zaina atarudi kituoni. Mama aliitikia kila sentensi kwa kichwa, macho chini, na mimi nikaelewa jambo moja bayana: kuna mtihani, na mtahiniwa ni mama.

Siku za mwanzo nilisubiri kuteswa. Nilisubiri kwa nidhamu. Asubuhi ya kwanza mama alinipa kidumu kidogo cha njano twende mferejini, nikakigeuza chini juu kutafuta tundu, sikuliona. Chakula kilipoiva nilikaa karibu na mlango kusubiri mabaki, nikapakuliwa wa kwanza, makande yenye nazi, na mama akakaa kunitazama ninavyotafuna mpaka nikaona aibu. Jioni nilichukua blanketi langu nikaelekea kwenye banda la mbuzi. Baba Shabani akaniuliza ninakwenda wapi. Nikasema kulala. Akafikiri kidogo, akasema mbuzi wana viroboto, labda nijaribu kitanda. Kitanda kilikuwa kipya, bado kinanukia mbao za msonobari, amekitengeneza mwenyewe.

Wiki ya pili ikapita, na ya tatu. Asubuhi za baridi mama aliliweka sweta langu karibu na moto kabla sijaamka, nikilivaa nakuta joto limeshaingia. Alinipaka mafuta miguuni kidole kimoja baada ya kingine, akivihesabu kwa Kishambaa mpaka nami nikajua kuhesabu. Alinipeleka mferejini kukanyaga karoti na alipoona ninavyoteleza na kuanguka na kiroba changu akacheka mpaka akakaa chini, nami nikacheka, na maji yalikuwa ya baridi kiasi cha kuuma mifupa. Sijawahi kuwa na furaha namna ile mahali popote. Nilianza kuamka kabla ya jogoo ili tu siku ianze mapema.

Na hapo ndipo wasiwasi uliponishika. Huyu mama hajui kazi. Nilimwangalia kwa makini siku baada ya siku na hakuna hata kitu kimoja alichokipata. Tenga halitumiki ila kwa karoti. Ulezi umekaa safi kwenye mtungi, haujachanganywa na chochote. Nikamhurumia. Nikakumbuka kwamba ndio kwanza anaanza, hakuwa amewahi kuwa na mtoto, na huenda kwenye ile semina yao alikuwa amekaa nyuma hakusikia. Ustawi atakuja na faili lake la kijani, atakuta hakuna mateso, atamfelisha, na mimi nitarudi kwenye kitanda chenye namba.

Ikabidi nimsaidie. Nilimwaga unga wa ugali uani makusudi, nikasimama kando yake nikisubiri. Mama alifungua mdomo, akaufunga, akaenda kuchukua ufagio. Nilimtafutia fimbo nzuri, imenyooka, nikaiegemeza mlangoni mahali ambapo hawezi kukosa kuiona. Asubuhi nikaikuta shambani imeshikilia maharage yanayotambaa. Siku moja nilijificha kwenye kabichi wakaniita mpaka sauti zikawakauka, na nilipojitokeza mama alikuja mbio, akanishika mabega kwa nguvu, nikajua sasa napigwa. Akameza mate. Akasema twende tukale. Nilikata tamaa kabisa siku ile. Nilimwuliza waziwazi kwa nini hanitumi na tenga nikachote maji, akanigusa paji la uso kuona kama nina homa.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mtu mzima, ndipo mama aliponieleza upande wake. Kwenye semina waliambiwa mtoto asipigwe, asifokewe, asitishwe. Yeye alikuwa na hofu kubwa ya kunipoteza hata akaamua kutokaripia kabisa. Alimeza kila kitu, alisema, hata kikohozi. Alikuwa akienda nyuma ya nyumba kuwafokea kuku makosa yangu. Mimi niliwahi kumsikia akiwafokea kuku kwa ukali wa ajabu na nikajiuliza kwa nini kipaji chote kile anakipoteza kwa kuku.

Miezi mitatu ikatimia. Pikipiki ilisikika kutoka mbali, inalia ikipanda, na mama akaanza kufagia uwanja aliokuwa ameshaufagia mara mbili. Ustawi alipokea chai, akala kiazi kimoja kwa heshima, kisha akawaomba wakubwa wasogee shambani ili aongee na mimi peke yangu. Alifungua faili magotini. Aliniuliza naendeleaje shuleni, nikamjibu. Aliniuliza kama ninashiba. Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo wiki nzima. Nilisimama, nikaweka mikono nyuma kama mbele ya mwalimu, na nikamtetea mama yangu.

Nilimwambia ananipa ukoko. Hilo lilikuwa kweli, maana niliupenda na nilikuwa nauomba. Baada ya hapo nikaachana na ukweli. Nilisema analala kitandani na mimi nalala na mbuzi. Nilisema ananituma mferejini na tenga na nisiporudi na maji sili. Nilisema amechanganya ulezi na mchanga magunia mawili, nikafikiri kidogo, nikasema matatu. Ustawi aliandika, halafu kalamu ikaanza kwenda polepole, halafu ikasimama. Aliniuliza kama ananipiga. Nikasema kwa fahari, "Kila siku. Hajakosa hata siku moja."

Alifunga faili. Alisema asante, Zaina, umefanya vizuri kuniambia, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Nikajua tumefaulu. Nilibaki mlangoni nikimtazama akishuka kwenye matuta mpaka walipokuwa mama na baba. Sikusikia aliyosema. Niliona mama anakaa chini palepale kwenye udongo, kama mtu aliyekatwa miguu, na Baba Shabani anavua kofia yake na kuishika kwa mikono miwili. Nilidhani ndivyo watu wazima wanavyofurahi.

Waliporudi, mama hakunitazama. Aliingia ndani akatoka na begi langu, akaanza kukunja nguo zangu juu ya mkeka, moja moja, akizilainisha kwa kiganja. Ustawi alikuwa akieleza kwamba kwa leo mtoto itabidi arudi kituoni wakati suala linaangaliwa, ndio utaratibu ulivyo, na kama mama ana la kujieleza amsikilize.

"Sina la kusema, baba," mama akasema. "Mtoto akishasema, amesema. Ila huyu hukohoa baridi ikizidi, mwambie mtakayemkabidhi ampe maji ya uvuguvugu. Na sweta asilivae la baridi. Lipashwe moto kwanza."

Machozi yalikuwa yakimdondokea kwenye sweta lenyewe. Nikaona haya mambo hayaendi. Nilimkaribia nikamvuta khanga.

"Mama, usilie. Umefaulu."

Ustawi aliniuliza amefaulu nini. Nikamshangaa, msomi mzima mwenye faili. "Mtihani wa mama wa kambo," nikamwambia. "Si nimekwambia anatesa vizuri?"

Mbuzi mmoja alilia bandani. Baba Shabani aligeuka akaangalia upande wa bonde, mabega yakaanza kumtikisika, na kwa kuwa nilikuwa sijawahi kumwona akicheka nilidhani naye analia. Mama alikuwa amelishika sweta, mdomo wazi. Ustawi peke yake hakucheka wala hakushtuka. Alichuchumaa akalingana nami, akaniomba nimwonyeshe hilo tenga ninalochotea maji.

Nikamwonyesha. Lilikuwa kavu, na majani ya karoti ndani. Akaniuliza maji yanakaaje humo, nikasema yanamwagika, ndivyo ilivyo kwenye hadithi. Akaniuliza kama nimewahi kwenda nalo mferejini, nikakiri kwamba bado. Tukaenda kwa mbuzi, akaniuliza ninalala upande gani, nikaangalia banda zima, likiwa na nafasi ya mbuzi wanne tu waliobanana. Tukaenda chumbani kwangu. Alikiona kitanda, na kidoli changu cha gunzi la hindi alichonivalishia mama kipande cha khanga. Akaandika.

Nilidhani yameisha, lakini Ustawi alikuwa mtu wa kazi yake. Alisema maneno ya mtoto hayapuuzwi hata yakichekesha, kwa hiyo atapita kwa majirani na kwa mwalimu wangu kabla hajaamua. Akashuka na faili lake kwapani. Alikawia sana. Mama hakuingia ndani muda wote huo. Alisimama uani na begi langu mkononi, hakuliweka chini, na nilipomwomba alitue akasema halina uzito. Baba Shabani ndiye aliyenikalisha kwenye gogo akanieleza taratibu, kwa Kiswahili chake cha kutafuta maneno, kwamba niliyoyasema yanaweza kunirudisha kituoni. Kwamba mama bora kwa Ustawi ni yule asiyetesa. Kwamba hapakuwa na mtihani mwingine zaidi ya huo, na mama alikuwa ameupasi tangu siku ya kwanza.

Sijui kama niliwahi kuogopa vile tena. Nilitaka kukimbia nimtangulie Ustawi kwa majirani, niyafute niliyosema, lakini alikuwa ameshafika mbali. Nililia kwa sauti, bila aibu, na mama akiwa na begi mkono mmoja akanivuta kwa mkono wa pili, tukabaki hivyo tumesimama mpaka jua likashika ukingo wa mlima.

Ustawi aliporudi viatu vyake vilikuwa vimejaa matope na mkononi alikuwa na kabichi aliyopewa na jirani. Alikaa kwenye mkeka akaniita. Alinieleza kwamba kambo ni neno tu walilolipata kwenye karatasi, halina uhusiano na hadithi za mpishi, na kwamba atamweleza mpishi naye, na kina Pili wote, maana sasa ameelewa kwa nini watoto wawili aliowatafutia nyumba wamekuwa wakijificha chooni kila akifika. Kisha akasema limebaki swali moja, na hili ni langu peke yangu, hakuna wa kunisaidia.

"Unataka kubaki hapa?"

Nilimtazama mama nipate jibu. Mama akawa anawatazama kuku, kakaza shingo, kwa kuwa alikuwa ameambiwa asinielekeze. 

"Nataka," nikasema. "Hata asipojua kutesa."

Ustawi aliandika mstari mmoja, akanipa kalamu nichore jina langu chini yake, nikaliandika herufi moja imepinduka. Pikipiki ilipokwisha kusikika, Baba Shabani alivaa kofia yake akaenda kufunga mbuzi. Wiki chache baadaye Pili alipata nyumba ng'ambo ya bonde letu, na tukawa tunaitana kwa kupiga ukelele kutoka tuta hadi tuta, lakini jioni ile sikuwa na habari za Pili wala za mtu mwingine. Nilikuwa namwangalia mama. Alikuwa ameliweka begi chini hatimaye, ameshika kiuno, anapumua kama mtu aliyepanda mlima, na ananitazama kwa jicho ambalo kabla ya hapo alikuwa akiwapa kuku tu.

Akaanza. Alianza na uongo wangu, akaenda kwenye unga niliomwaga, akafika kwenye kabichi nilikojificha siku ile roho yake ikatoka ikarudi, akarudi kwenye uongo. Kiswahili kilipomwishia akaendelea kwa Kishambaa. Alinigombeza mpaka kuku wakaingia bandani wenyewe, alinigombeza huku akiwasha moto na huku akinivika lile sweta, na alipomaliza akanikabidhi sufuria lenye masizi akaniambia nisilirudishe mpaka auone uso wake humo. Nililisugua sufuria lile kwa majivu huku nikiimba. Kesho yake akanigombeza tena, kwa kosa jingine kabisa, na safari hii sikumwambia mtu.